Chumvi ya Mama Mkwe

Mke wangu ni mpishi wa hoteli, na ulimi wake hauna huruma. Mchuzi ukizidi ndimu tone moja, sufuria inarudi jikoni. Nyumbani nikipika mimi, anapoonja nakaa roho juu kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Kisha sonona ikamshika. Akaacha kazi, akawa analala mchana kutwa macho wazi, na chochote ukimwekea mbele yake anakula bila neno. Hilo la kutokosoa ndilo lililonitisha zaidi. Nilimtaka mke wangu arudi, basi.

Vidonge havikumfaa. Daktari akashauri dripu ya dawa ileile ya usingizi wanayopewa wagonjwa wa upasuaji, ila kwa kipimo kidogo na chini ya uangalizi. Tulikwenda watatu: mgonjwa, mimi, na mama yake, aliyehamia kwetu kumuuguza.

"Kwenye seli za ubongo kuna vijilango," daktari alitueleza. "Chembechembe za madini, kama zile za kwenye chumvi, hupita humo zikiwa na umeme. Ndivyo seli zinavyozungumza. Kwenye sonona mazungumzo hayo huvurugika. Dawa hii huziba baadhi ya vijilango kwa muda, seli zipate kujipanga upya."

Mimi ni fundi umeme, nikashika umeme. Mama mkwe akashika chumvi.

Kuanzia jioni ile supu ikawa chumvi, uji chumvi, na chai, Mungu anisamehe, chumvi. Nikamfuata jikoni.

"Mama, daktari hakusema hivyo."

"Baba, wewe umesomea nyaya. Huyu nimemzaa mimi. Milango ipo, chumvi isipokuwepo kitapita nini?"

Mkwe habishiwi, na ukipenda boga, penda na ua lake. Nikawa naongeza maji kwenye sufuria kwa siri. Naye akiona supu imepooza, anaongeza chumvi. Nilikuwa nakunywa maji jagi zima kila baada ya kula. Mke wangu alimaliza sahani yake kimya, na mimi nikaenda bafuni kulia.

Dripu zikaendelea. Jumapili moja mchana tulikuwa mezani, mke wangu akatia kijiko cha maharage mdomoni, akasita. Akatema kwenye kitambaa.

"Nani kapika haya?"

Mama mkwe, aliyekuwa akipakua, akainua mwiko.

"Si nauliza? Mnataka kuniua kabla sijapona?"

Mama mkwe akaangusha mwiko, akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Mimi nilicheka huku machozi yakinitoka. Najua safari za kliniki bado zipo, lakini furaha niliyoipata siku ile sijapata kuipata tena.

Mke wangu hakuwa na habari na sisi. Alikwishabeba sufuria kuelekea jikoni, akafungulia bomba.

"Nani alisema chumvi si dawa?" mama mkwe akanitambia.

"Na wewe," mke wangu akanigeukia, "siku zote hizi ulikuwa unakula tu? Huna ulimi?"

"Ninao. Nilikuwa nakungoja wewe."

Akanitazama, machozi yakamlengalenga. Kisha akanipa kisu na viazi.

"Menya," akasema. "Na maganda yawe membamba. Nakujua."