Pete Ndani ya Glavu

Kengele ya oksijeni ililia mkemia akiwa ameshika chupa, mikono imezama hadi viwiko kwenye glavu za sanduku la kioo lisilotakiwa kuingia hewa. Akaganda. Upepo mwembamba ulikuwa ukimpuliza kidoleni.

Pete! Mlangoni kulikuwa na msumari wa kutundikia pete, na kila aliyeingia alivua. Yeye, bibi harusi mpya, alipitiliza na yake kidoleni.

"Shemeji! Njoo mbio!"

Fundi vioo wa maabara, mdogo wa mumewe, akatokea chumba cha pili. "Umeua nani?"

"Glavu imetoboka. Nimeziba tundu kwa kidole, nikisogea hewa inaingia. Weka mikono yako kwenye glavu zile nyingine."

Chupani mlikuwa na unga wa mwisho wa utafiti wake, umeyeyushwa, rangi ya chungwa. Kila molekuli yake ilikuwa na atomi mbili za chuma, zimeunganishwa na mnyororo wa kaboni. Shaba ikiung'ang'ania mnyororo ule katikati, rangi itakuwa nyekundu. Hewa ikiwahi, tope. Na bosi alishasema: leo ikishindikana, utafiti unafungwa, na mkemia anahamia stoo.

"Tia ile shaba ya maji iliyo humo ndani. Tone moja moja."

"Kengele inapiga kelele hivi, wewe unataka matone? Namwaga yote tumalize!"

"Ukimwaga yote itashika hovyo. Tone, shemeji. Nakuomba."

Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kujifuta. Tone la kwanza likazama kimya. La pili likaacha wingu la kahawia.

"Tope hilo," shemeji akanong'ona. Safari hii hakutania.

"Tikisa. Usiongeze. Tikisa tu!"

Wingu likazunguka, likafifia. Kisha, kutoka chini, wekundu ukapanda taratibu.

"Lingine... Lingine... Basi. Funga!"

Kizibo kikaingia, kikakazwa. Ndipo mkemia akavuta mkono. Ukagoma, pete imenasa kwenye mpira.

"Kaka yangu amekununulia pete yenye meno kama yake," shemeji akasema.

Mkemia alicheka huku machozi yanamtoka. Bosi, aliyeifuata kengele, alikuwa amesimama nyuma yao. Akaitazama chupa nyekundu, kisha msumari mtupu mlangoni.

"Kesho unaendelea," akasema. "Ila hiyo pete ikitoka, naitundika mwenyewe."