Faili Zilizobaki Juu

Nilibofya "Futa orodha", na mashine iliponiuliza kama nina hakika, nikabofya tena.

Nilikuwa peke yangu dukani, mlango nusu wazi, printa bado baridi. Duka lile la kadi na mabango nililianzisha mwanangu hajaota meno. Kila nilipofungua programu ya kuchora, orodha ya faili za karibuni ilishuka pembeni na kunisalimu: kadi yangu, bango langu, kadi yangu tena. Kisha mwanangu akaoa msanifu wa michoro, naye akaja kufanya kazi dukani. Haukupita muda, kazi za mkamwana zikajaa juu. Zangu zikasukumwa hadi chini kabisa, karibu hazionekani tena. Wateja nao wakawa wanaingia wakichungulia nyuma ya bega langu, wakiuliza yule binti yupo.

Lakini aliyenikata maini ni mwanangu. Alisimama nyuma ya kiti cha mkewe akisifu rangi zile zile ambazo, nilipozitumia mimi, alisema zinamuumiza macho.

Basi nikawa nawahi kufika, nafuta. Mkamwana akiketi, anakuta patupu. Mwanangu alidai kompyuta imezeeka, imeanza kusahau. Mkewe aliingia kwenye mafolda, akatafuta faili zake moja baada ya nyingine, na ule utulivu wake ukanichoma kuliko matusi.

Asubuhi moja nilifuta kama kawaida, orodha ikagoma kuisha. Faili chache ziling'ang'ania pale juu, kila moja na alama ya pini. Nikavaa miwani. Zote zilikuwa zangu, nyingine nimeshazisahau. Hata kadi ya harusi yao ilikuwemo, ile niliyoichora huku roho imenikaa juu.

Mkamwana alipoingia, nilimwuliza nani amechezea mashine.

"Nimezibandika pini mimi, mama, zisifutike," alisema, akitundika mkoba wake. "Kila ukifuta zangu, zako zilikuwa zinaondoka nazo."

Hakupandisha sauti, wala hakunikwepa macho. Nikainuka, nikamwachia kiti. Akanishukuru, akaanza kazi ya mteja wa kwanza, vidole vyepesi, shingo imeinama kidogo.

Nilibaki nimesimama nyuma yake. Kuchora aliniweza, na mwanangu alishamchukua. Hayo nilikuwa nimeanza kuyazoea. Sasa nikamwonea wivu hata kwa zile pini, maana mimi nisingewaza kumfanyia vile.