Usizitenganishe Seli za Ilie

Corneliu alinijia na mkate mtamu wa sikukuu, ule wenye kokwa za jozi ndani, ameukumbatia kama mtoto mchanga. Nikamfungulia mlango wa maabara huku nikijisemea moyoni, leo umejileta mwenyewe.

Huyu alikuwa mume wangu. Maabara hii ya mjini Cluj tuliianza wawili, na kazi yetu kubwa ilikuwa seli za Ilie, mdogo wangu, aliyezaliwa na moyo mbovu. Kabla hajafa alitupatia kipande cha ngozi ya mkono, kidogo kama punje ya dengu. Mimi ndiye niliyezirudisha seli zile za ngozi utotoni zikawa seli shina, zinazoweza kugeuka moyo, ini, chochote. Nikaziita Ilie. Corneliu alipohamia kampuni yenye fedha aliondoka nazo, akalifuta jina la marehemu, akazibatiza jina lake yeye. Talaka nilimsamehe. Hilo la jina sikumsamehe, wala sina mpango.

Seli hizi haziwezi upweke. Kila moja hushikana na jirani zake na sakafu ya sahani ya kuoteshea, na katika kushikana huko ndimo inamopata habari: ishi, na ubaki ulivyo. Ziachanishe mojamoja, nyingi zitajiua zenyewe. Ndiyo maana mimi huzimega kwa vipande, kazi ya kuchosha kweli. Corneliu hana subira hiyo. Alizitenganisha mojamoja, akazitilia dawa ya kuzizuia zisife, na baada ya miezi hata dawa akaiacha, maana ziliishi tu. Akatangaza kwamba amezizoesha. Hakuzizoesha chochote, mjinga yule. Zile nzima zilikufa, zikabaki chache zilizoharibika kromosomu, zisizojali jirani, nazo zikazaana mpaka zikajaa sahani zote.

Hayo ndiyo yaliyomleta. Wakaguzi walikuwa wamezipima, wakakuta kipande cha kromosomu kilichozidi, na wafadhili kutoka Vienna walikuwa njiani. Hakusema hivyo mara moja. Alizunguka weee, akasifu kahawa yangu, akamuuliza mama yangu, aliyekuwa ameketi nasi, hali ya miguu yake. Mwishowe akaomba kichupa kimoja cha seli za mwanzo, zile nilizozigandisha.

"Seli za nani?" nikamuuliza.

"Smaranda, tafadhali bwana."

"Nimekuuliza, za nani?"

"Za Ilie," akasema, macho yake yakiwa kwenye viatu.

Nikampa. Na nilimwambia ukweli mtupu, mama ameketi palepale anaukata ule mkate: usizitenganishe, zimege vipande, hizi si kama zako. Nikarudia. Akanipiga begani akicheka.

"Bado unavibembeleza vifaranga vyako? Upweke unazoeleka, Smaranda. Mimi nimeshaona."

Mama aliacha kukata, akamtazama.

Mtaniuliza kama nilijua atakachofanya. Niliishi na mtu yule miaka tisa, hajawahi kusoma hata maelekezo ya dawa ya kikohozi.

Aliziamsha, zikaota vizuri. Siku moja kabla ya ugeni akaona sahani alizonazo ni chache, hazitapendeza, akazitenganisha seli zote mojamoja ili ajaze sahani nyingi, bila dawa, kama alivyofanya na wale vichaa wake. Asubuhi, wageni wakiwa na vikombe mikononi, akaweka sahani chini ya hadubini iliyounganishwa na kioo kikubwa ukutani. Tudora, rafiki yangu anayefanya kazi pale, ndiye aliyenisimulia. Kioo kizima kilijaa vitone vilivyokunjamana, vinaelea, seli zote zimekufa. Akaweka sahani ya pili, ya tatu, mambo ni yaleyale. Bibi mmoja wa Vienna akauliza kwa upole kama ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Nilifurahi, sitawaficha. Nilicheka mpaka nikatafuta kiti.

Mchana akapiga simu. Alisema wamemwambia arudi na seli hai au aage kazi, akaniuliza kama nina kichupa kingine. Ninavyo, kabati zima. Nikamwambia asubiri nimuulize mwenyewe.

Mama alikuwa ameinamia hadubini. Huja kila akitoka sokoni, mfuko wa kabichi miguuni, kutazama seli za Ilie nilizozigeuza za moyo. Zimeshikana shuka nzima na zinadunda kwa pamoja, taratibu, bila kasoro ile iliyomuua, maana tuliirekebisha. Nikaiziba simu kwa kiganja nikamwambia Corneliu anaomba tena, na anakaribia kulia.

Mama hakuinua jicho. Corneliu alikuwa akimwita mama, na kila Krismasi mama ndiye aliyempikia.

"Mwambie upweke unazoeleka," akasema.