Shomoro wa Aina Nne

Mpima ardhi mmoja alipostaafu, mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Akanunua darubini na daftari, akahamia dirishani kwenye chumba ambamo mkewe alikuwa akishonea nguo. Kila asubuhi alimwaga makombo ya mkate ukingoni, akakaa kimya akiandika.

"Mama, hapa kwetu kuna shomoro wa aina nne," alitangaza mwisho wa mwezi. "Mwenye Ndevu, Kahawia, Mdomo wa Njano na Kichwa Kijivu."

Mkewe hakuinua macho kwenye cherehani. "Ndevu na Kahawia ni mtu na mkewe. Mdomo wa Njano mtoto wao. Na huyo Kijivu ni babu yao, kaota mvi."

"Wewe shona. Ndege niachie mimi."

Akampigia simu dada yake, mwalimu wa sayansi, aje Jumamosi ajionee. Dada mtu alifika, akavuta kiti. "Haya kaka, tuoneshe mataifa yako."

Ndege wakatua. Mpima akaanza kufafanua, kidole hewani kana kwamba yuko mbele ya ramani. Hata hajamaliza, Mdomo wa Njano akajikunyata, akatetemesha mbawa na kuachama. Kahawia akamtia kombo kinywani. Mara Ndevu naye akaja kumlisha.

Cherehani ikanyamaza.

"Kaka, hawa wana roho nzuri," dada mtu alisema. "Wanalea mtoto wa taifa jingine!"

"Mwache, wifi," mke akadakia. "Huyu hata kifungua mimba wetu alimpita pale wodini, akaenda kumbeba wa jirani."

Mpima aliona haya hadi masikioni. Alikuwa anafunga daftari mkewe aliposogea dirishani, uzi ukimning'inia shingoni.

"Hebu subiri. Huyu Kijivu mbona mgongo wake mtupu? Wale wana mistari. Hana ndevu, na koo lake jeupe." Akakaza macho kama anayekagua kitambaa. "Huyu si wa jora moja na wale."

"Kweli, ni aina nyingine," mwalimu akathibitisha. "Zipo mbili hapa."

Mpima akajinyoosha kitini. "Kumbe si babu yao?"

"Si babu yao," mkewe alikiri, akiuma midomo asicheke.

"Sema tena, mama, sikusikia vizuri."

"Nimesema fungua daftari uandike."

Akaandika, mkewe akimtajia mistari na rangi, yeye akiongeza saa na mahali. Dada mtu alipousoma ukurasa ule, akawaalika wote wawili wakawafundishe wanafunzi wake. Alhamisi wakaenda, mume na michoro, mke na vipande vya kitambaa vya rangi za ndege. Njia nzima walibishana nani atangulie kusema. Mume alishinda ubishi ule, lakini walipoingia darasani, mke ndiye aliyeanza.