Kufuli Hataji Jina

Pale chumba cha habari walimwita Kufuli, na jina lilimkaa. Habari yake ya asubuhi ilikuwa imewasha moto mjini: jenereta la hospitali kuu halina mafuta, na wajawazito wanapasuliwa kwa mwanga wa tochi. Aliyemnong'oneza ni muuguzi wa pale, mke wa mhariri wake mwenyewe. Mhariri hakujua, na ilikuwa heri asijue. Mzee yule ana moyo mzuri lakini uso wake hauwezi kuficha hata bei ya shati. Angejua yeye leo, kesho mkewe hana kazi.

"Mkurugenzi wa hospitali anataka jina, ama tuombe radhi ukurasa wa kwanza," mhariri alisema akifunga mlango. "Ninong'oneze tu, dada."

"Silisemi, kaka."

"Basi, mwanamume au mwanamke?"

"Mtu."

"Wa zamu ya mchana?"

"Kaka, unanimenya kama kitunguu. Hata ganda moja hupati."

Akagonga meza. "Mimi ndiye niliyekufundisha kazi hii!"

"Ndiyo maana!" Hasira zilimpanda Kufuli. "Ulisema tusimwamini mtu mmoja. Nikaenda mwenyewe, nikagonga tangi, likalia tupu. Kina mama wawili wamekubali wenyewe kutajwa gazetini. Habari imesimama kwa miguu yake, ya nini kumtoa mtu kafara? Ukitaka kazi yangu, chukua."

Akavua kitambulisho, akakiweka mezani.

Simu ikaita. Ni mkurugenzi. Mhariri alikitazama kile kitambulisho, akashusha pumzi, kisha akapokea kwa spika.

"Nipe jina!"

"Hakuna jina, na radhi hatuombi. Peleka mafuta." Halafu, kwa majivuno, akaongeza: "Mke wangu mwenyewe ni muuguzi hapo kwako, na hajawahi kuniambia neno!"

Kufuli akaangalia dari. Mungu alimsaidia, hakucheka wala hakulia.

Mhariri akakata simu, akamrudishia kitambulisho chake. Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa mkewe, yuko nyumbani anajiandaa kwenda zamu.

"Wifi yako anataka kukusalimu," mhariri akasema, akimpa simu.

"Kwema huko, wifi?" Sauti ilikuwa nyembamba kwa hofu.

"Kwema, wifi," Kufuli akajibu. "Nenda zamu yako. Tembea kichwa juu."