Mikono ya Bi Anifa

Chemchem nzima hakuna aliyejua matumbo kama Bi Anifa. Ukimpelekea mimba, anapaka mafuta ya uvuguvugu, anabonyeza hapa na pale, anakuambia mtoto kalalaje na atatoka lini. Alikuwa hakosei, na alikuwa hasahau kukukumbusha.

Basi Yasmini, mke wa mwanawe Mussa, alipotoka kupiga ultrasaundi ya miezi saba na habari kwamba kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto, na daktari kakataza tumbo lisikandwe, bibi yetu alinuna siku mbili. Mashine ya nini, na yeye yupo? Kidaktari cha juzi kimfundishe kazi! Siku ya tatu Mussa alipokwenda dukani, akamwita Yasmini chumbani, akamwambia alale. Yasmini alisita, akamkumbusha katazo. Lakini mama mkwe habishiwi. Akalala.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo mkuu ndiye hakusikia.

Hakumkanda sana. Hivyo ndivyo alivyojiambia ndani ya bajaji, huku damu ikipenya kanga ya pili.

Hospitalini walimpasua Yasmini mchana huohuo. Mtoto wa kike alitoka mdogo, akawekwa kwenye mashine ya joto. Mama yake akaongezwa damu, akapona. Jioni daktari alikuja kitandani na faili, akauliza damu ilianzaje. Mussa alikuwepo, na majirani wawili walikuwepo, walewale waliomsifia Bi Anifa miaka yote.

“Niliteleza bafuni,” Yasmini alisema, bila kumtazama mkwewe.

Laiti angemtukana! Bi Anifa alihisi uso unamwaka. Mtoto wa watu nusura afe kwa kiburi chake yeye, na bado alikuwa anamsitiri, midomo imemkauka. Aibu ya namna hiyo hakuwahi kuionja. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Daktari alikuwa ameshaanza kuandika.

“Usiandike hivyo, mwanangu,” alisema. “Nilimkanda mimi. Aliniambia mmekataza, nikamkanda.”

Mussa aliinamisha kichwa. Jirani mmoja alijishika mdomo. Yasmini akanyoosha mkono kuutafuta wa mkwewe, na Bi Anifa akauficha wake chini ya kanga.