Wazee wa Chupani

Asubuhi hiyo, maabarani, Mkataji alijipaka spiriti mikononi, akawasha taa ya mezani, akafungua chupa ya kwanza ya miche ya migomba. Kazi yake ilikuwa ileile tangu aajiriwe: kuutoa mche kwenye jeli ya kuukuzia, kuukata, na kukitia kila kipande chupani mwake kiwe mche mwingine. Mgomba wa kwanza, mama yao wote, ulioza shambani kabla Mkataji hajazaliwa; kila mche ulikuwa kipande chake.

Mche ulikuwa na ndevu nyeupe.

"Taratibu na hicho kisu, mjukuu wangu," ukamwambia. "Mgongo."

"Shikamoo," alisema Mkataji.

"Marahaba. Hebu funga na dirisha, magoti yanapata baridi."

Alifunga. Rafu nzima ilikuwa ikikohoa, basi akaenda kumwita Meneja. Meneja alilelewa vizuri. Aliwaamkia wote, chupa kwa chupa, kisha akasoma kibandiko: *Miche Michanga*.

"Si wana urefu wa kidole?" alisema. "Basi ni watoto. Wanyoe kabla wateja hawajafika."

Mkataji akawanyoa. Wakauzwa, ila yule wa chupa ya kwanza na wachache waliobakizwa kwa kukatwa tena.

Haukupita muda, mama mmoja mkulima aliyenunua miche akarudi amefura. "Miche yenu inaomba viti! Jana mmoja kaniita kwa jina la marehemu bibi yangu."

"Imekuzoea," alisema Meneja. "Ongeza mbolea."

"Mbolea wanasema inawapandishia presha."

Meneja alimuuzia miche mingine.

Siku hiyo, Mkataji alipomshika tena yule mzee wa chupa ya kwanza, mzee alishusha pumzi. "Mwanangu, nimechoka kuwa mtoto. Nipe udongo. Nizae mkungu mmoja, nife kama mgomba mwenye heshima zake."

Mkataji alikuwa amemkata mzee wa watu mara zisizohesabika, hata pole hajawahi kumpa. Alimtia kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akatoka naye kama anayekwenda msalani, akampanda nyuma ya jengo, karibu na bomba.

Mzee alikua papo hapo, akishikilia ukuta. Alizaa ndizi chache, zote zimezaliwa na makunyanzi. Akamwambia Mkataji, "Ahsante, mwanangu," akaanguka kabla ya chakula cha mchana, akiwa na uso wa mtu aliyevua viatu vinavyombana.

Mkataji alilia kidogo, kisha akaingia ndani kuwasimulia wazee wenzake marehemu waliobaki chupani. Walisikiliza kwa wivu, na wale wasiosikia vizuri wakamwomba arudie.

Meneja alipopita kule nyuma, alimenya ndizi moja, akala, akamenya ya pili.

"Tamu hizi!" alimwambia Mkataji. Kisha akaona chipukizi limechungulia kwenye shina la marehemu. "Ling'oe hilo, likate, litie chupani. Tuna oda kubwa."

Mkataji akaenda kuleta kisu. Chipukizi, ambalo halijatoa hata jani moja, lilianza kupapasa ardhini likitafuta mkongojo wake.